Upinde wa kwanza Nyakuron: pima mikono kabla ya kufungua pochi

Inchi 30. Hapo ndipo pinde nyingi za kisasa zinazouzwa kwa wanaoanza hufika kikomo, na hapo hapo ndipo mikono ya vijana wengi wa Juba huanza kudai nafasi zaidi.

Namba hiyo ni urefu wa mvuto, yaani umbali kati ya mpini na upote pale mpigaji anapokuwa amevuta hadi mwisho. Matangazo ya pinde huitaja kwa herufi ndogo, chini kabisa, baada ya kusifia mwendo wa mshale, rangi na jina la kampuni. Kwa mkazi wa mtaa wa Nyakuron anayetafuta upinde wake wa kwanza, namba hiyo ya herufi ndogo ina uzito kuliko sifa zote zilizotangulia.

Kuipata si kazi. Mtu asimame ameegemea ukuta, anyooshe mikono yote miwili pembeni bila kujivuta, na mwenzake apime kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja hadi cha mkono wa pili. Urefu huo ukigawanywa kwa 2.5 jibu linakaribia sana urefu wa mvuto. Mwenye mikono ya sentimita 180 atapata sentimita 72, sawa na inchi 28 na kidogo, na dukani atakuta pinde tele za kumfaa. Mwenye sentimita 200 atapata 80, karibu inchi 31 na nusu. Huyo wa pili ndiye mwenye shida, naye Juba haonekani kwa nadra.

Vipimo vilivyochukuliwa mwaka 1953 na 1954 miongoni mwa wanaume wa Kidinka vilitoa wastani wa kimo unaozidi sentimita 181, na hapa Sudan Kusini mikono ya mtu mara nyingi huzidi kimo chake. Marehemu Manute Bol, mchezaji wa mpira wa kikapu aliyetoka huku na kufika ligi ya NBA, alikuwa na kimo cha mita 2.31 na mikono iliyofikia karibu mita 2.59 ikinyooshwa. Hesabu ya kugawanya kwa 2.5 ingempa mvuto wa zaidi ya inchi 40, na pinde za dukani hazifiki huko. Bol ni mfano wa pembeni kabisa, lakini unaeleza jambo la kweli: vipimo vya pinde hupangwa viwandani kwa kufikiria miili ya wateja wa Marekani, na mnunuzi wa Nyakuron hana budi kupima mwili wake mwenyewe.

Kwa nini jambo hili lisirekebishwe kwa mazoea tu? Kwa upinde wa mti mtu huvuta anavyoweza: mwenye mikono mirefu huvuta zaidi, mfupi huvuta kidogo, na mshale unaondoka. Upinde wa kompaundi hauna uhuru huo. Kila ncha ya bawa lake imefungwa kapi lisilo duara kamili, liitwalo kamu, na kebo huziunganisha kamu hizo ili zizunguke kwa pamoja upote unapovutwa. Mwanzoni mzigo hupanda haraka, kisha kamu inapopita kilele chake mzigo hushuka kwa asilimia 70, 80 au hata zaidi, na mvuto unakoma ghafla kama umegonga ukuta. Ukuta huo umepangwa mahali pamoja. Ukiwa karibu mno, kiwiko cha mvutaji hutoka nje, bega hujikunja na nguvu ya mgongo hupotea. Ukiwa mbali mno, mtu huegemea nyuma, uso unaukimbilia upote, na upote wenyewe humchapa mkono wa mbele mpaka ngozi ivimbe.

Aliyebuni mpangilio huo ni Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, Marekani. Aliomba hataza mwaka 1966 na kuipata Desemba 1969. Faida yake kubwa ni ule mzigo unaoshuka. Upinde wenye uzito wa kuvuta wa pauni 60 na punguzo la asilimia 80 humwachia mpigaji pauni 12 tu za kushikilia anapolenga, kwa hiyo anaweza kutulia, kupumua na kusahihisha shabaha, jambo ambalo mwenye upinde wa mti wa uzito huo hawezi kulifanya kwa zaidi ya sekunde chache.

Punguzo hilo hilo huwadanganya wengi. Mtu huambiwa kwamba mwisho wa mvuto mzigo ni mwepesi, naye akaagiza upinde wa pauni 70, akisahau kwamba kabla ya kuufikia wepesi huo lazima apite kwenye kilele chenye pauni zote 70, kila mshale, mara 50 kwa jioni moja.

Hapa inafaa kuwatazama wapiga mishale wa ukanda huu, maana historia yao huchukuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mwanamume wa Kiafrika huzaliwa na nguvu za upinde. Samuel Baker alipofika Gondokoro mwaka 1863, ng'ambo ya Nile karibu na ilipo Juba ya leo, aliwakuta Wabari wakiwa wapiga mishale wa kuogopwa, wenye mishale ya sumu. Wadinka na Wanuer walijulikana zaidi kwa mkuki. Upande wa Ekwatoria Magharibi, vijana wa vijiji vilivyoshambuliwa na kundi la waasi la LRA mwishoni mwa muongo wa 2000 walijikusanya kuilinda jamii yao wakiwa na pinde, mikuki na bunduki za kienyeji, na dunia ikawajua kwa jina la Vijana wa Mishale. Kenya, Wawaata wa nyika ya Tsavo waliwinda tembo kwa pinde ndefu zenye mvuto uliozidi pauni 100, mpaka operesheni za askari wa hifadhi za mwaka 1956 na 1957 zilipouvunja uwindaji huo. Na Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe bado huvuta pinde ambazo watafiti wamezipima na kukuta wastani unaokaribia pauni 70.

Pauni 70 za Mhadzabe, hata hivyo, zina miaka mingi nyuma yake. Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde wake mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na upinde unakua naye. Anapofikia utu uzima mgongo, mabega na mishipa yake vimejengeka kwa kazi hiyo. Kijana wa Nyakuron aliyekulia kwenye mpira wa miguu, boda boda au kazi ya dawati hana maandalizi hayo hata akiwa na kifua kipana. Aanzie chini. Kwa mwanamume mzima mwenye afya, pauni 40 hadi 45 zinamtosha kwa miezi ya mwanzo, na kwa mwanamke au kijana wa sekondari 25 hadi 35 ni mwanzo mzuri.

Kuna jaribio ambalo halimwachii mtu nafasi ya kujidanganya. Akae kitini, miguu sakafuni, mshale ukiwa umepachikwa na shabaha ikiwa mbele yake, kisha avute upote polepole bila kuinua upinde juu ya kichwa. Akilazimika kuuelekeza angani au kujinyonganyonga ili kilele kipite, upinde huo ni mzito kwake leo. Bega lililochanika halisikilizi ari ya mwenye bega.

Ndiyo maana pinde zinazorekebishika kwa upana ndizo zinazostahili kufikiriwa kwanza. Bear Cruzer G2 hutoka pauni 5 hadi 70 na mvuto wa inchi 12 hadi 30. Diamond Infinite Edge Pro nayo huenda pauni 5 hadi 70, lakini mvuto wake hutoka inchi 13 hadi 31. Tofauti hiyo ya inchi moja kwa mtu wa Ohio ni kitu kidogo. Kwa mwenye mikono ya sentimita 195, ambaye hesabu inampa inchi 30 na theluthi mbili, ndiyo inayoamua kama upinde utamfaa au utarudi kwenye sanduku lake. Upinde mmoja wa aina hii unaweza kupita kwa baba, kwa binti wa miaka 14 na kwa mjomba aliyekuja likizo kutoka Kampala, kila mmoja akiuweka kwenye kipimo chake, na katika nyumba za Juba zenye watu wengi hilo lina maana kubwa.

Mrefu zaidi ya hapo atafute pinde za shabaha ambazo watengenezaji wake hutoa kamu za mvuto mrefu, na aangalie pia umbali kati ya ekseli ya juu na ya chini. Pinde fupi za inchi 30 hupendwa kwa kubebeka vichakani, lakini mtu wa mvuto mrefu akiuvuta upinde mfupi upote hukunjika kwa pembe kali, na lile tundu dogo la kuchungulia lililofungwa kwenye upote humkimbia jichoni. Inchi 33 na kuendelea zitampa utulivu. Umbali wa upote ukiwa umepumzika hadi kwenye mpini nao una kazi: ukifika inchi 7, upinde unapoteza mwendo kidogo lakini unasamehe kosa la mkono unaotikisika, na mwanafunzi ana mikono inayotikisika.

Mwendo wa mshale unaotangazwa, basi, usomwe kwa akili. Kwa kawaida futi zile 310 au 330 kwa sekunde hupimwa kwa mvuto wa inchi 30, uzito wa pauni 70 na mshale mwepesi wa greni 350, kama gramu 23. Mwanafunzi mwenye pauni 45 na mshale mzito kidogo hataiona namba hiyo, na hana haja nayo.

Sasa uwindaji. Ndilo neno linalowavuta wengi kwenye upinde huu, na ndipo mazungumzo ya wazi yanapohitajika zaidi.

Kaskazini mashariki mwa Juba inaanza Hifadhi ya Taifa ya Badingilo, na mbele yake, mpakani na Ethiopia, iko Boma. Mwaka 2022 serikali ilitia saini na shirika la African Parks makubaliano ya miaka 10 ya kuzisimamia hifadhi hizo mbili. Mwaka uliofuata ndege zilipita angani zikihesabu, na matokeo yaliyotangazwa Juba Juni 2024 yaliishangaza dunia ya wahifadhi: karibu swala milioni 6 wa aina nne, yaani kobu mwenye masikio meupe, tiang ambaye ni ndugu wa nyamera, swala wa Mongalla na tohe, wakihama kwa pamoja kufuata maji na majani. Hakuna uhamaji wa mamalia wa nchi kavu unaojulikana duniani ulio mkubwa kuliko huo. Uhamaji wa nyumbu wa Serengeti, ambao Tanzania na Kenya zimeuuza kwa watalii kwa miongo, ni mdogo kwake.

Wanyama hao wamevuka vita vya vizazi viwili. Kinachowaumiza sasa ni biashara ya nyama pori, inayobebwa kwa pikipiki na magari kutoka maporini hadi mijini, kwa bunduki na mitego. Mwindaji mmoja mwenye upinde hawezi kulinganishwa na biashara hiyo kwa wingi wa nyama, lakini sheria haimtengi. Ndani ya hifadhi za taifa haruhusiwi kuwinda, na nje yake uwindaji bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni kosa. Akivuka mpaka kwenda Kenya atakuta uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu Mei 1977. Wizara ya Uhifadhi wa Wanyamapori na Utalii iko hapa hapa Juba, na mwenye nia ya kuwinda aende huko kwa miguu yake aulize kabla hajanunua kigumba hata kimoja cha kuwindia.

Kuna sababu nyingine, na kwa mwandishi wa makala hii ndiyo nzito kuliko ya sheria. Mishale ya Wabari wa zamani, ya Wawaata na ya Wahadzabe iliua au huua wanyama wakubwa kwa sumu ya mimea. Mshale ukigusa damu, kazi iliyobaki hufanywa na sumu. Mshale wa upinde wa kompaundi hauna sumu. Huua kwa makali tu, kwa kukata mapafu au moyo, na eneo hilo kwa swala wa wastani halizidi ukubwa wa sahani ya chakula. Ukipita pembeni kidogo, mnyama huondoka na jeraha na kufa baada ya siku kadhaa, bila faida kwa mtu yeyote.

Namibia, iliyohalalisha uwindaji wa upinde mwaka 1997, iliamua kuliwekea jambo hilo namba: mshale wa kuwindia wanyama wadogo uwe na nishati isiyopungua juli 34 hivi, wa kati juli 54, na wakubwa wasio hatari juli 88. Upinde wa pauni 50 unaorusha mshale wa gramu 26 kwa mita 70 kwa sekunde hutoa karibu juli 64, kwa hiyo kwa nishati peke yake unavuka kiwango cha wanyama wa kati. Kinachobaki ni mkono wa mpigaji, na huo haununuliki. Mtu ambaye hawezi kuweka mishale mitano mfululizo ndani ya sahani akiwa mita 20, baada ya kukimbia kidogo na huku moyo ukimdunda, hana ruhusa ya kimaadili ya kumlenga mnyama, hata akiwa na kibali mfukoni. Kufikia hapo huchukua mwaka wa mazoezi, mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo upinde wa kwanza Nyakuron ununuliwe kwa ajili ya shabaha ya gunia. Uamuzi huo ukishafanyika, mengi hurahisika: hakuna haja ya pauni 70, hakuna haja ya vigumba vyenye makali, hakuna haja ya rangi za kujificha msituni, na bei hushuka. Marekani, seti za wanaoanza huuzwa kwa dola 300 hadi 500, ilhali pinde za juu za kampuni hizo hizo huvuka dola 1,000.

Juu ya bei hiyo kuna safari. Mzigo wa meli hushuka Mombasa, hupita Kampala na kuingia Nimule, kisha kilomita 192 za lami hadi Juba. Kabla ya kulipa chochote, mnunuzi aende forodha na polisi kuuliza kama upinde unahitaji kibali, na jibu alipate kwa maandishi. Katika mji ambao silaha zimewaumiza watu wengi, askari wa kizuizini akikuta kitu chenye kebo, kamu na ncha za chuma ana haki ya kuuliza maswali, na karatasi yenye mhuri itaokoa siku nzima.

Umbali huo ndio unaoleta kigezo ambacho miongozo ya Ulaya na Marekani hukigusa juu juu: nani atautengeneza? Pinde nyingi za bei kubwa haziwezi kubadilishwa upote, na baadhi hata mvuto, bila mashine maalumu ya kubana mabawa. Fundi wa Minneapolis anayo. Fundi wa baiskeli au wa pikipiki Nyakuron hana, na asijaribu kubuni yake kwa jeki ya gari, kwa sababu bawa lililobanwa vibaya hupasuka kwa nguvu inayoweza kumtoa mtu jicho. Upinde unaorekebishwa mvuto na uzito kwa ufunguo wa pembe sita tu ndio unaofaa hapa. Na upote wa akiba pamoja na kebo zake uagizwe siku ile ile ya kwanza, kwa kunakili urefu ulioandikwa kwenye kibandiko cha bawa. Pote hizo huchoka baada ya miaka miwili au mitatu hata zikipakwa nta mara kwa mara, na kuzisubiri zivuke bahari baada ya kukatika ni kuupoteza msimu mzima. Zikifika wakati wake, upinde utafutiwe safari ya kwenda kwa mwenye mashine, ukiwa pamoja na upote wake mpya.

Joto la Juba linazidisha haja hiyo. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 ikazifunga tena. Ndani ya gari lililofungwa madirisha juani, hali huwa mbaya zaidi ya hapo kwa mbali. Upote hulegea, tundu la kuchungulia hugeuka upande, na gundi inayoshikilia tabaka za mabawa huweza kuachia. Watengenezaji wenyewe huonya dhidi ya kuacha upinde garini. Ukae ndani ya nyumba, kwenye mfuko wake, mbali na bati la paa, na kabla ya kila zoezi mabawa yafutwe taratibu kwa pamba: nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana ufa, na upinde usivutwe.

Mishale inastahili fedha nyingi kuliko wengi wanavyoitengea. Wano la kaboni huuzwa kwa namba ya ugumu, kwa mfano 500, 400 au 340. Namba hiyo inaonyesha kiasi wano linavyopinda likibebeshwa uzito wa gramu 880 katikati: la 500 hupinda nusu inchi, la 340 theluthi moja ya inchi. Namba ikishuka, ugumu unapanda. Mwenye mikono mirefu hutumia wano refu, na wano refu hupinda zaidi, kwa hiyo huhitaji gumu kuliko lile ambalo rafiki yake mfupi anatumia kwenye upinde wa uzito ule ule. Kukopeshana mishale, jambo la kawaida katika kila mchezo, hapa ni hatari.

Wepesi nao una kikomo. Kanuni ya viwandani ni greni 5 kwa kila pauni ya upinde, maana yake greni 250, kama gramu 16, kwa upinde wa pauni 50. Chini ya hapo mshale hauchukui nishati ya kutosha, na inayobaki hurudi kwenye kamu na mabawa. Kufyatua upote mtupu, bila mshale kabisa, ni kosa hilo hilo katika sura yake mbaya zaidi. Pinde nyingi mpya huharibika siku ya kwanza kwa namna hiyo: mgeni amekuja, ameomba auguse, amevuta, ameachia. Upote usivutwe na mtu yeyote, hata kwa kuonyesha, kama mshale haujapachikwa au mbele yake hakuna shabaha.

Na kila mshale wa kaboni upindwe kidogo kwa mikono, karibu na sikio, kabla ya kurushwa. Ukilia, uvunjwe vipande viwili na kutupwa. Wano lenye ufa likipasuka linapofyatuliwa huingiza vijiti vya kaboni kwenye kiganja cha mkono unaoshika mpini, na upasuaji wa kuvitoa ni mrefu.

Vifaa vingine vitachukua dakika chache. Kifaa cha kuachia upote kinachofungwa kwenye kifundo cha mkono ni cha lazima, kwa sababu vidole huupindisha upote wa kompaundi. Kishikio cha mshale cha duara chenye brashi pande zote kinamfaa mwanafunzi, kwani mshale haudondoki. Kilengeo chenye pini tatu kinatosha. Jicho lenye nguvu lijulikane kabla ya kuagiza: mtu anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja, atazame kitu cha mbali kupitia humo macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu kile ndilo linaloamua kama upinde uwe wa kulia au wa kushoto, hata kama mtu anaandika kwa mkono mwingine.

Mahali pa kupigia ndipo Nyakuron inapokuwa ngumu. Mtaa huu wenye Kituo cha Utamaduni kilichoanza miaka ya 1970, ambako ngoma, muziki na mikutano vimekusanya watu wa kila kabila, umejaa nyumba, watoto na njia za mkato. Mshale wa upinde wa kawaida ukielekezwa juu huvuka mita 200 bila shida, na uzio wa mabati au wa matete hauuzuii. Kwa hiyo shabaha ya uani ipigwe kwa umbali mfupi tu, mita 5 hadi 10, ikiwa mbele ya ukuta mrefu wa matofali, hakuna mlango wala njia nyuma yake, na geti la ua limefungwa. Gunia la nafaka lililoshindiliwa nguo kuukuu, vyandarua vilivyochanika na mifuko ya plastiki, likashonwa mdomo vizuri, husimamisha mshale wa pauni 45 na kuuachia bila kuuvunja. Chuma, vifungo na zipu vitolewe kwanza. Mita 10 haionekani kuwa kitu, lakini ndipo mkao, pumzi na uachiaji hujengwa.

Kwa mita 30 au 50 mtu atatamani kutoka nje ya mji, na hapo tahadhari ni ya uhai. Ardhi ya Sudan Kusini bado ina mabomu yaliyozikwa na masalia ya vita ambayo hayajalipuka, yakiwemo maeneo ya kuzunguka Juba, na vikosi vya kuyasafisha vimekuwa kazini kwa zaidi ya miaka 20. Uwanja wa shule au wa kanisa unaotumika kila siku, kwa ruhusa ya mwenyewe na wakati hauna watu, ni bora mara elfu kuliko uwazi mzuri unaoonekana kando ya barabara ambako hakuna aliyewahi kulima. Mshale uliopotelea kichakani usifuatwe.

Wapo watakaouliza mazoezi ya shabaha yana mwisho gani kama hayaelekei porini. Jibu lilipatikana Aprili 2025, pale Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipouingiza upinde wa kompaundi, kwa timu mchanganyiko ya mwanamke na mwanamume, katika Michezo ya Los Angeles 2028. Ni mara ya kwanza kwa upinde huu kufika Olimpiki, ingawa kwenye Paralimpiki umekuwepo kwa miaka mingi. Afrika Mashariki imeshawahi kupeleka mpiga mishale jukwaa hilo kwa upinde wa aina nyingine: Shehzana Anwar wa Kenya, bingwa wa Afrika wa mwaka 2016, alibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Rio mwaka huo huo. Sudan Kusini yenyewe ilipokelewa katika familia ya Olimpiki Agosti 2015. Mashindano ya kimataifa ya kompaundi hupigwa mita 50, kwenye shabaha ya karatasi yenye upana wa sentimita 80, na kanuni zake haziruhusu upinde wowote uzidi pauni 60. Upinde wa kurekebishika uliowekwa pauni 50, wenye mvuto uliopimwa kwa mikono ya mwenyewe ukutani Nyakuron, tayari uko ndani ya kanuni hizo.